Barua kutoka Vermont: mhimili wa Dodoma ulale

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Springfield, mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na safari yenyewe nimeifanya kwa ajili yako. Uliponiambia kwenye simu kwamba kioo cha inchi 10 kimeshakaa ndani ya bomba lake, lakini kila mtoto anayesogeza jicho kwenye lenzi anaifanya Zohali icheze, nilijua tatizo liko kwenye stendi. Na kama kuna mahali duniani pa kwenda kuulizia stendi ya darubini iliyotengenezwa nyumbani, ni kilima kimoja cha hapa.

Kutoka Boston ni saa mbili na ushei kwa gari. Unapita New Hampshire yote misitu, unavuka mto Connecticut, ukishauvuka upo Vermont. Milima ya huku ni ya kijani na ya duara, haina majabali kama yetu ya Dodoma. Kabla ya kufika nilipita Windsor, kwenye jumba la makumbusho liitwalo American Precision Museum. Liko ndani ya kiwanda cha zamani cha bunduki cha mwaka 1846, na limejaa mashine za kukerezea na kufrezi za tangu karne ile. Ungekuwa nami tungelala humo. Nilisimama mbele ya mashine moja ya kukerezea iliyozeeka kuliko babu yetu mzaa babu, nikaona reli zake bado zimenyooka, nikakuwaza wewe na ile yako ya mtumba uliyoinunua bila meza.

Springfield yenyewe ilijengwa na mashine kama hizo. Viwanda vilipangana kandokando ya mto Black, na kikubwa kimojawapo kilikuwa Jones & Lamson, watengenezaji wa mashine za kukerezea vyuma. Mkuu wake alikuwa James Hartness, mvumbuzi ambaye baadaye alikuwa gavana wa Vermont kuanzia 1921 hadi 1923. Bwana huyu alipenda nyota na akachukia kuganda, kwa hiyo mwaka 1910 alijijengea uani darubini ambayo mtazamaji anakaa ndani ya chumba kama kuba, bomba peke yake likiwa nje kwenye baridi. Kutoka sebuleni kwake alichimba njia ya chini ya ardhi mpaka kwenye darubini. Nyumba ile ipo hadi leo.

Hartness ndiye aliyempa kazi Russell Porter, mtu wa hapa hapa, mzaliwa wa 1871, aliyesomea usanifu wa majengo kisha akatumia miaka mingi ya ujana wake kwenye misafara ya Aktiki. Porter alirudi nyumbani mwaka 1919, na mwaka uliofuata akaanza kuwafundisha wafanyakazi wa kiwanda kusaga vioo vya darubini kwa mikono, jioni baada ya zamu. Hapo ndipo pa kukaza macho, mdogo wangu. Wale hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wakerezaji, wachora ramani za mashine, wapiga chapa za chuma, watu ambao mchana kutwa walishika maikromita. Walipomaliza vioo hawakuhangaika na stendi hata kidogo, kwa sababu kukereza shafti na kuiketisha kwenye beringi ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kila siku. Wengine wengi Marekani, waliosoma juu yao kwenye jarida la Scientific American kuanzia mwaka 1925, walikuwa na kioo kizuri na stendi dhaifu. Hawa wa Springfield walikuwa na vyote viwili.

Mwaka 1923 waliunda chama, wakajenga nyumba ndogo ya mbao juu ya kilima nje ya mji, wakaipaka rangi ya waridi, na wakakiita kilima kile Stellafane. Kwenye paa la mbele wameandika maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 19, yale unayoyajua. Mkutano wao wa kwanza ulikuwa 1926, wakaja watu wapatao 20. Siku hizi wanakuja mamia, kila mwaka majira ya joto, usiku usio na mwezi, na kila mtu anapandisha darubini yake mlimani.

Nilifika mchana. Uwanja ulikuwa umejaa mahema, na katikati ya mahema darubini zimeinua midomo juu. Taa nyeupe ni marufuku usiku, unatembea na kurunzi nyekundu iliyoelekezwa miguuni. Nilipitia stendi moja baada ya nyingine, nikipiga picha na kuuliza maswali, na hakuna aliyeninyima jibu. Watu hawa wakiona mtu ameinama kuangalia beringi badala ya kuangalia kioo wanafurahi sana. Mama mmoja alilala chali kwenye nyasi ili anioneshe jinsi alivyokaza nati ya chini.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya viwandani. Stendi yake ni ekseli ya mbele ya lori bovu. Amechukua habu mbili na beringi zake zilezile, moja akaifanya mhimili mkuu, ya pili mhimili wa pili, akazichomelea kwenye bamba nene na kusimamisha yote juu ya bomba la chuma alilolijaza mchanga mkavu. Aliniambia nitazame Vega, ambayo Agosti huku inakaa karibu na utosi, kisha akagonga bomba la darubini kwa kifundo cha kidole. Nyota iliruka, ikatulia kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Akanipeleka kwa jirani yake mwenye stendi ya dukani, nyembamba, ya kung'aa, akagonga vilevile: nyota ilitetemeka mpaka nikachoka kuingoja. Mchanga ule ndani ya bomba, alisema, unakula mtetemo, kwa sababu chembe zinasuguana na nguvu inaishia humo.

Kisha akanipa hesabu ambayo naomba uiandike ukutani mwa karakana. Ugumu wa shafti dhidi ya kupinda unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: ukizidisha kipenyo mara mbili, ugumu unazidi mara kumi na sita. Shafti yako ya sasa ni ya milimita 25. Weka ya 50, chuma kilekile, urefu uleule, na itapinda moja ya kumi na sita ya ilivyokuwa. Ndiyo maana habu ya lori inashinda kila kitu cha dukani kwa bei yake. Beringi zake ni za koni, zile za rola zilizochongoka, zinakaa mbili zikitazamana, na ukikaza nati ya kati mchezo wote unaisha. Gereji yoyote ya Fuso pale mjini wanazo kwenye lundo la skrepa, na seti mpya utaipata dukani bila shida. Sioni sababu ya kusafirisha chuma kutoka Marekani kuja Tanzania, nchi ambayo malori yake mabovu yanatosha kushikilia darubini za mkoa mzima.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi, la maana zaidi katika barua hii.

Stendi zote za aina ya ikweta nilizoziona mlimani pale zimeinama. Mhimili mkuu lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia, ili mota moja tu ikizungusha, nyota ibaki katikati ya lenzi. Springfield iko latitudo ya nyuzi 43 kaskazini, kwa hiyo mihimili yao imeinuka nyuzi 43 kuelekea nyota ya kaskazini. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini. Mhimili wako, mdogo wangu, unatakiwa uwe karibu umelala chini kabisa, ncha yake ya kusini imeinuka nyuzi sita na kidogo tu.

Ukinunua stendi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, nyingi haziwezi kushuka hadi nyuzi sita. Zikilazimishwa, fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu, na mzigo wote unaning'inia nje ya kiini. Kwa miaka yote tumefikiri kwamba huko Afrika Mashariki tunakosa vifaa. Nilipokuwa nimesimama pale niliona kwamba tunakosa kitu kingine: mchoro wetu wenyewe. Anga letu ni tofauti, na linadai umbo tofauti.

Na umbo hilo lipo. Liko kwenye mojawapo ya darubini maarufu kuliko zote, ile ya inchi 100 ya Mount Wilson, California, iliyoanza kazi mwaka 1917 na ambayo Edwin Hubble aliitumia miaka ya 1920 kuthibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje ya yetu. Bomba lake limeshikwa ndani ya fremu kubwa ya mstatili, na fremu hiyo imeshikwa ncha zote mbili, kaskazini na kusini, kila moja kwenye nguzo yake. Hakuna kinachoning'inia, hakuna uzito wa kusawazisha, kila kilo ya chuma inafanya kazi. Ina kasoro moja: nguzo ya kaskazini inaziba eneo la nyota ya kaskazini, darubini haiwezi kutazama huko, na wanaastronomia walilalamika. Lakini Dodoma ncha ya kaskazini ya anga iko chini ya upeo wa macho, na ya kusini iko nyuzi sita tu juu yake, kwenye vumbi na moshi wa majiko. Kasoro iliyowaudhi California, kwetu haina uzito wowote. Aina hii ya stendi ni kana kwamba ilibuniwa kwa ajili ya ikweta, ikajengwa kwingine.

Fikiria mbuzi mzima anayezungushwa juu ya makaa, mti umepita katikati, ncha mbili zimekaa kwenye nguzo mbili. Hiyo ndiyo stendi yako. Mti ni fremu, unazunguka mara moja kwa siku ya nyota, na bomba la darubini linapinda kaskazini na kusini ndani yake.

Nimekufanyia hesabu usiku uleule kwenye hema. Kioo chako kina urefu wa kulenga wa mita moja na nusu, kwa hiyo sehemu ya bomba iliyo mbele ya egemeo itakuwa kama mita moja. Fremu iwe na urefu wa ndani wa mita 2.2, ili bomba lipite bila kugonga kiunzi cha mwisho. Kutoka beringi hadi beringi tuseme mita 2.4. Kwa latitudo ya Dodoma, beringi ya kusini iwe juu kuliko ya kaskazini kwa sentimita 26. Angalia tofauti: fremu hiyohiyo ikijengwa hapa Springfield, ncha moja ingepaswa kuwa juu ya nyingine kwa zaidi ya mita moja na nusu! Wangehitaji mnara. Wewe unahitaji nguzo mbili za zege unazoweza kuzimwaga Jumamosi moja. Na rafiki yako wa Mwanza akitaka kuiga, kwake tofauti inashuka hadi sentimita kumi na nusu.

Nguzo hizo zipe msingi wao peke yao. Usiziunganishe na sakafu ya karakana wala na zege wanapokanyaga watoto, acha mwanya wa vidole viwili ujaze mchanga, maana hatua ya mtu inasafiri ndani ya zege na kufika kwenye nyota. Kimo cha mhimili fikiria na urefu wa watoto. Darubini ikitazama utosini lenzi itakuwa karibu mita moja juu ya mhimili, kwa hiyo usipandishe nguzo sana, acha nafasi ya kutosha tu kwa mkia wa bomba kupita chini.

Kabla ya kumwaga zege unahitaji mstari wa kaskazini na kusini. Usitumie dira ndani ya karakana, chuma chote kile kitaivuta. Simamisha kijiti wima kwa timazi kwenye ardhi iliyosawazishwa, chora duara kukizunguka, weka alama pale ncha ya kivuli inapoingia kwenye duara asubuhi na inapotoka mchana, kisha gawa katikati. Mistari ya namna hii ni ya kale, na walioupima wakati wa adhuhuri kwa kivuli waliielewa vizuri. Baadaye utarekebisha kwa nyota zenyewe: chagua nyota iliyo karibu na utosi, mota ikiwa inazunguka, uone kama inateleza kaskazini au kusini, kisha sogeza ncha moja ya fremu taratibu. Kwa hiyo beringi moja iwe na bolti za kusogeza kushoto na kulia, nyingine za kupandisha na kushusha. Ukishapata, umepata kwa miaka.

Mota sasa. Anga linazunguka mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Ukiwa na gurudumu la meno 360 linalosukumwa na parafujo, parafujo hiyo izunguke mara moja kila dakika nne kasoro chini ya sekunde moja. Gurudumu la namna hiyo kulinunua ni ghali, lakini mafundi wa hapa wanalikata wenyewe kwa tepu ya kukatia nyuzi! Unafunga tepu ya M10 yenye hatua ya milimita 1.5 kwenye taya za mashine ya kukerezea, unaweka sahani ya aluminiamu au shaba kwenye beringi izunguke yenyewe, unaisukuma polepole ikutane na tepu, na tepu inaizungusha huku ikichonga meno. Kwa meno 360 kipenyo kwenye mstari wa meno ni kama sentimita 17. Jaribu kwanza kwenye ubao mgumu uhesabu meno, maana kipenyo kikizidi kidogo meno yanapandiana mzunguko unapokamilika. Mzee wangu wa ekseli alinionesha lake, na meno yalikuwa yamekaa sawa kabisa.

Usiogope kwamba fremu nzito itaishinda mota ndogo. Porter huyuhuyu, mwaka 1928, aliitwa California na George Ellery Hale kusaidia kubuni darubini ya inchi 200 ya Palomar, na michoro yake ya penseli ya mtambo ule, aliouchora sehemu kwa sehemu kabla haujajengwa, bado inastaajabisha. Sehemu zinazozunguka za Palomar zina uzito wa tani 530 hivi, zinaelea juu ya utando wa mafuta, na mota ya nguvu farasi moja ya kumi na mbili inatosha kuzisukuma. Siri ni usawa. Kabla ya kufunga mota, fungua kila kitu kizunguke huru, ongeza vipande vya chuma upande mwepesi mpaka darubini ikae popote unapoiacha. Darubini ya Palomar ilizinduliwa 1948, na Porter alifariki mwaka uliofuata.

Hapa Stellafane ameacha darubini yake ya 1930, ya kioo cha inchi 12, ya chumba cha zege chenye paa la kuba ambalo lenyewe ndilo mhimili: ukizungusha paa, unazungusha darubini. Niliingia. Ndani kuna utulivu na joto, na paa lile zito linasukumwa kwa mkono. Nilipanga foleni nikatazama. Lakini hata hilo kuba limejengwa kwa ajili ya theluji na kwa nyuzi 43. Nalipenda, ila silitaki kwetu.

Usiku wenyewe ulikuwa mzuri. Niliona ile nyota ya Lyra inayoonekana mbili kwa macho makali, na kwenye darubini iliyotulia kila moja ikagawanyika tena kuwa mbili. Kwenye stendi zinazotikisika haigawanyiki hata kioo kiwe kizuri namna gani, na nadhani hakuna jaribio bora la kupima kazi ya fundi wa stendi. Kuelekea usiku wa manane kundi la watu lilinizunguka waliposikia natokea nyuzi sita kusini. Waliuliza juu ya Omega Centauri, ambayo kwao haipandi kilimani, juu ya Mawingu ya Magellan, ambayo wengi wao hawajayaona kamwe. Niliwaambia kwamba Mei, mapema usiku, ukiwa uani Dodoma unaona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. Mmoja alinyamaza, kisha akaniuliza kama tuna darubini kubwa. Nilimwambia mdogo wangu anaijenga.

Kwa hiyo naomba mambo haya kabla ya kukata chuma chochote. Tengeneza kwanza mfano wa mbao, moja ya tano ya kipimo, ulizungushe bomba kila upande uone linapogonga. Wingu Kubwa la Magellan liko nyuzi kama 20 tu kutoka ncha ya kusini, na sitaki fremu ituzuie kulifikia. Halafu nipimie kipenyo cha ndani cha beringi za ile habu ya Fuso iliyo nyuma ya choo, na unene wa chuma cha fremu unachokipata kwa muuzaji wako, nipeleke vipimo kwa mzee wa ekseli, ameahidi kuvitazama. Mwisho, simama mahali utakapoweka nguzo ya kusini, tazama kusini, unipigie picha. Nataka kujua kama ule mwembe wa jirani unapita nyuzi 15 juu ya upeo, maana kama unapita, itabidi tuhamishe stendi yote upande wa jikoni, na hilo ni la kuzungumza na wifi kabla ya zege.

Wasalimie wote. Nikija Desemba nitakuletea mota ndogo ya hatua na sakiti yake kwenye mzigo wa mkononi.

Dada yako akupendaye